Usukani Uliokunywa Maji

Dhoruba iliikuta mashua yangu bado iko majini. Nyingi za wenzangu zilikuwa zimeshapandishwa nchi kavu kungoja baridi; yangu ilikuwa inasubiri zamu yake ya winchi. Kamba ya nyuma ikakatika. Asubuhi nilipofika kwenye gati la chama chetu cha wenye mashua, upande wa magharibi wa Stockholm, ambako Ziwa Mälaren linajipenyeza kati ya miti, niliikuta imegeuka, sehemu yake ya nyuma ikigonga mawe ya ukingoni kila wimbi lilipokuja. Niliingia majini hadi magotini, nikaizuia kwa mgongo mpaka jirani yangu wa gatini, mzee wa Kiswidi aliyestaafu udereva wa treni, akafika na kamba nyingine.

Tulipoifunga, aliizunguka akiipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mwili ni mzima," alisema. Kisha akachungulia nyuma, chini ya maji. "Usukani sijui."

Wengi wetu tukisikia usukani tunafikiria gari. Usukani wa mashua ya matanga ni bapa pana linaloning'inia nyuma, chini ya maji. Linashikwa na mhimili wa chuma unaopenya sakafu ya mashua mpaka juu, na huko juu mhimili unafungwa mti wa kushikia, unaoitwa kana. Ukiisukuma kana kushoto, mashua inakwenda kulia. Usukani ukivunjika katikati ya safari, ulichobaki nacho ni beseni lenye mlingoti.

Mashua yenyewe ni ya zamani, ya fibaglasi, imetengenezwa kabla mimi sijaanza shule. Aliinunua mume wangu. Mimi kwetu ni Singida, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni ya ziwa la chumvi. Nilikuja Sweden kusomea ufundi wa meno bandia, na kazi hiyo ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Yeye alikuwa mhandisi, mtu wa Njombe, na siku aliyonionyesha mashua ile nilimuuliza kama ana homa. Baada ya miaka michache akaugua kweli, na ugonjwa huo hakupona. Watu wetu wa hapa, walionisaidia sana katika msiba, walichukulia kwamba mashua itafuata njia ya suti zake na vitabu vyake: itagawiwa. Sikuigawa. Kiangazi kilichofuata nilitoka nayo peke yangu, na kilichofuata pia.

Majira ya baridi yalipokolea, jirani yule alinipigia simu nije nisikilize kitu. Mashua ilikuwa juu ya stendi zake kwenye uwanja wa chama, imefunikwa turubai lenye theluji. Alichukua bisibisi, akaugonga usukani kwa mpini, kutoka juu kwenda chini. Juu ulilia kavu, to, to. Chini sauti ilikufa, kama ukigonga boga bovu.

"Unaruhusu nitoboe?" aliuliza.

Alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya chini. Hakikutoka kitu, kwa sababu ndani kulikuwa na barafu. Tuliwasha kipulizia hewa ya moto, tukasubiri. Polepole yakaanza kutiririka maji ya rangi ya kutu, yananuka kama chombo cha maua kilichosahauliwa. Yakaendelea kutoka mpaka chai yetu ikaisha.

Akanieleza. Yale mawe yalikuwa yamefungua ufa kwenye mshono, lakini ugonjwa ulianza zamani. Maji yalikuwa yakiingia taratibu miaka mingi, na kila baridi yalikuwa yakiganda, yakivimba, na kuzitenganisha nyuso mbili za fibaglasi. Chuma cha ndani kilikuwa kimekaa kwenye maji hayo muda wote.

"Waliotengeneza mashua hizi walishafunga kiwanda," alisema. "Kuna karakana inaweza kukutengenezea mpya, lakini hutaupata kabla ya kiangazi. Au tuufungue tuone."

"Tuufungue," nilisema.

Habari haikukawia kufika Hallunda, anakoishi wifi yangu, dada wa marehemu. Ni mwanamke wa kanisa na wa kwaya, mwenye sauti inayosikika hata akinong'ona, na tangu msiba tulikuwa tunaongea kwa adabu tu, kama watu wanaobeba sinia la vikombe pamoja. Alinipigia siku ya pili.

"Wifi, nasikia lile dude limevunjika."

"Limevunjika usukani tu."

"Basi Mungu amekusemea. Kuna baba mmoja kanisani kwetu anachukua mashua mbovu, anazikata vipuri. Atakuja na gari lake mwenyewe, hutasumbuka."

"Ahsante, wifi. Nitautengeneza."

"Kaka yangu hayumo mle ndani," alisema.

"Najua hayumo."

"Sasa unamtengenezea nani?"

Nikamwambia ukweli. "Najitengenezea mimi."

Hakukata simu kwa hasira. Alisema tu, "Haya," na hiyo haya niliisikia kichwani wiki nzima.

Kuushusha usukani wa namna ile kuna shida moja: mhimili ni mrefu, na lazima utoke kwa kwenda chini. Mashua ikiwa juu ya stendi, chini yake hakuna nafasi ya kutosha. Ama uinyanyue kwa winchi, na winchi huja masika tu, siku ya kuzirudisha mashua zote majini, ama uchimbe shimo. Niliamua kuchimba. Ilikuwa Machi na ardhi ilikuwa kama saruji. Jirani aliomba ruhusa kwa viongozi wa chama, tukaweka makaa kwenye sinia la zamani la kuchomea nyama juu ya ardhi, tukaiacha ilainike, kisha nikapiga sululu. Kila nilipovunja kipande, chini yake nilikuta barafu nyingine.

Jumamosi moja nikiwa nimeinama chini ya mashua, niliona viatu vyeusi vya kisigino kifupi vimesimama kwenye matope ya theluji. Nikajua ni vya nani kabla sijanyanyua kichwa. Alikuwa ametoka Hallunda na gari lake, amevaa koti la kwendea kanisani.

"Nimekuja tuongee kama watu wazima," alisema wifi yangu.

"Karibu. Lakini siwezi kuacha, makaa yatazima."

Akasimama. Nikaendelea kutoa udongo kwa koleo. Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze. Kisha akasema, "Koleo halishikwi hivyo. Utavunjika kiuno."

"Ndivyo ninavyoweza."

"Lete."

Alivua koti, akalitundika kwenye stendi ya mashua ya mtu mwingine. Jirani akamletea mabuti ya mpira. Watu wa Njombe wamelelewa na jembe na viazi, na wifi yangu, pamoja na miaka yote aliyofanya kazi ya uhasibu katika ofisi zenye mazulia, mgongo wake haukuwa umesahau. Alichimba kwa mwendo mmoja, hana haraka, hapumziki. Mimi nilikuwa nikivunja kwa sululu na yeye akitoa udongo. Hatukuongea kuhusu jambo lililomleta.

Shimo lilipotosha, tulifungua kana kule juu, tukalegeza nati, tukamwagia mafuta ya kulainisha kutu. Mhimili haukutikisika. Jirani akapiga kwa nyundo ya mbao kutoka juu, mimi nikavuta kutoka chini. Hakuna. Wifi akaweka mikono kiunoni, akautazama usukani kwa chuki ya kweli, akaukumbatia na kujining'iniza kwa uzito wake wote. Kitu kikalia ndani kama mlango wa zamani, na usukani ukashuka kwa mkupuo mmoja pamoja naye, hadi juu ya magunia tuliyotandika shimoni.

"Umeumia?" nilimuuliza.

"Nisaidie nitoke," alisema. Alipotoka, akajipangusa, akauangalia tena ule mzigo. "Sasa unapelekwa wapi huu?"

Uliingia kwenye gari lake kwa shida, ncha ikagusa kioo cha mbele.

Jengo letu la Tensta lina vyumba chini ambavyo wapangaji wanaweza kuviazima kwa kazi za mikono. Nilikiomba kimoja, chenye joto na dirisha la kufungua. Wifi alirudi Jumamosi iliyofuata, safari hii na suruali. Hakueleza sababu na mimi sikuuliza.

Tulivaa barakoa, nikaukata usukani kwa grinda kuufuata mshono, tukaufungua kama ganda la karanga. Povu la ndani, ambalo lilipaswa kuwa gumu na kavu, lilikuwa kama mkate uliotumbukia kwenye chai. Katikati yake mlikuwa na mabapa ya chuma yaliyochomelewa kwenye mhimili, ndiyo yanayoufanya usukani ugeuke pamoja na kana. Nililigusa la kwanza, likabaki mkononi. La pili lilikuwa limeachana na mhimili tangu sijui lini. Lililokuwa likishika kazi yote ni la mwisho, na hilo nalo lilikuwa na ufa unaopitisha kucha.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilikuwa nimetoka na mashua ile kwenye upepo mkali, nje kabisa kati ya visiwa, nikijisifu jinsi ninavyoimudu.

"Hiki ndicho kilichokuwa kinakushika?" wifi aliuliza.

"Hicho."

Akachukua kisu cha kukwangulia, akaanza kulitoa lile povu. Tuliendelea hivyo muda mrefu, kila mtu na upande wake. Ndipo akasema, bila kunitazama: "Kile kiangazi chake cha mwisho nilimpikia kila Jumapili. Nilikuwa naweka sahani yake. Hakuja hata mara moja. Alikuwa kwenye mashua. Nikasema, dada yake anakufa kwa hamu ya kumwona na yeye anashikilia kamba za Wazungu."

Nikaweka kisu chini. "Wifi, hakushika kamba yoyote."

"Alikuwa anaendesha."

"Alikuwa amelala. Alikuwa hawezi kupanda hata ngazi za nyumbani bila kupumzika. Nilimlaza kwenye kitanda cha mbele, akalala. Alisema kitandani nyumbani maumivu yanamkuta, lakini mle maji yanapopita karibu na sikio anapitiwa na usingizi. Ndiyo maana tulikuwa tunatoka."

"Sasa nani alikuwa anaendesha?"

"Mimi."

"Wewe wa Singida?"

"Mimi wa Singida."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alikataa. Hakutaka ujue kwamba hawezi tena kukaa mezani."

Alirudi kwenye povu lake. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama ni kwa kazi au kwa kilio, nikamwacha. Baadaye alisema, "Alikuwa anakula chochote humo?"

"Uji. Na samaki wa kopo, kidogo."

"Samaki wa kopo," alirudia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba niliona kama anataka kucheka. "Na alivyokuwa anavidharau vitu vya kopo."

Mhimili tuliupeleka Spånga, kwa fundi wa kuchomelea aliyetoka Uvira. Nilitaka achomelee mabapa mapya tu. Aliuinua kwenye mwanga, akaupitishia kidole.

"Mama, hii haiko bien," alisema. "Unaona hizi matundu? Chuma ilikulwa toka ndani. Nikitia bapa mupya hapa, itashika leo, kesho itakatika huku juu."

"Haiwezekani hata kidogo?"

"Inawezekana. Lakini ukizama, mimi nitalala namna gani?"

Ilimaanisha mhimili mpya, wa chuma cha pua, kisichoshika kutu. Ilimaanisha pia kusubiri, kwa sababu nondo nene ya aina ile haikuwepo karakanani kwake, na kichwa chake kilipaswa kuchongwa mahali pengine ili kana ikae sawasawa. Siku ya winchi ilikuwa imeshatangazwa, na mashua isiyo tayari siku hiyo hubaki nchi kavu kiangazi chote. Nilimwambia aagize. Tulipotoka, wifi aliuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba hakika sina, ila mhimili nimeshaagiza.

Kilichofuata nilikiona kama kazi yangu ya kila siku, imekuzwa. Maabara nakoroga plasta na resini tangu ujana wangu. Najua inavyopata joto, najua dakika inapoanza kugoma. Labda ndiyo sababu nilijiamini kupita kiasi. Mhimili mpya ulipofika na mabapa yake yamechomelewa vizuri, niliulaza ndani ya ganda moja la fibaglasi, nikafunika na la pili, nikabana kwa vibano vyote nilivyoazima, kisha nikamimina povu likiwa bado majimaji, lote kwa mkupuo. Povu lile huvimba likishakorogwa. Lilivimba. Vibano viliruka kimoja kimoja, mshono ukaachama, na povu likatoka pembeni kama ugali unaofurika sufuria. Lilipokauka, usukani ulikuwa umejikunja, ubavu mmoja una tumbo.

Wifi alifika na chupa ya chai, akakuta nimeshaanza kuukata upya.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

"Hauwezi kwenda hivyo hivyo?"

"Utaivuta mashua upande mmoja. Nitakuwa napigana nao kila siku."

Hakusema kitu kuhusu baba wa vipuri. Alimimina chai, tukanywa tumesimama, akavaa barakoa.

Mara ya pili nilifuata njia ninayoifuata kwenye meno: tabaka kwa tabaka. Povu kidogo, lisubiri, lipoe, jingine. Kisha ganda la pili kwa gundi ya epoksi, kisha vitambaa vya fibaglasi kuzunguka mshono wote, kila kimoja kikilowekwa na kukandamizwa kwa brashi mpaka hewa itoke. Nilikuwa nateremka kule chini nikitoka kazini, kabla hata ya kula. Wifi alikuja kila Jumamosi kupiga msasa. Aliimba nyimbo za kwaya ndani ya barakoa, na jirani wa ghorofa ya kwanza, mama wa Kisomali, alishuka kuuliza kuna nini, akabaki kuangalia, akatuletea sambusa. Tulipomaliza, nilipitisha kiganja juu ya usukani nikiwa nimefumba macho, kama ninavyopitisha ncha ya kidole kwenye jino kabla halijaenda kwa mwenyewe. Sikuhisi mshono.

Siku ya winchi ilikuwa na jua na baridi. Tulikuwa tumeshaupandisha usukani kutoka kwenye shimo letu, na shimo tumelifukia. Lakini nilipoijaribu kana asubuhi ile ilikuwa nzito, inagoma katikati. Rangi niliyopaka ilikuwa imeingia kwenye mwanya ambamo mhimili hupita. Mashua za mbele yetu zilikuwa zinanyanyuliwa moja baada ya nyingine, zinapita juu ya vichwa vya watu zikidondosha matone. Nililala chali chini ya mashua na kipande cha msasa nilichokiviringisha kwenye kijiti, nikawa nakwangua. Wifi alikaa juu akiizungusha kana kwenda na kurudi kila niliposema.

"Sasa?"

"Bado inashika."

"Sasa?"

"Afadhali."

Mwendesha winchi alitupungia mkono. Jirani akaenda kumwambia jambo, sijui alimwambia nini, lakini mwendesha winchi akachukua mashua iliyokuwa nyuma yetu kwanza.

"Sasa?" niliuliza tena.

Nilipochungulia nilimwona anaizungusha kana kwa vidole viwili, kushoto, kulia.

Mashua ilishuka majini. Nilifungua sakafu ya nyuma, nikamulika tochi pale mhimili unapopita, nikangoja kuona maji. Palikuwa pakavu. Nikangoja zaidi. Pakabaki pakavu.

Tulitoka Jumapili iliyofuata baada ya ibada. Wifi alikuwa hajawahi kukanyaga ndani ya mashua iliyo majini, na alipanda kwa magoti, akashika kila kitu cha kushikika. Nilitoa mashua gatini kwa injini, nikapandisha tanga kubwa, nikazima injini. Ukimya ule ulimshtua.

"Imeharibika?"

"Hapana. Upepo ndio unatuvuta."

Tulipotoka nyuma ya rasi, upepo ukatupiga ubavuni na mashua ikalala upande. Yeye akafumba macho, akaomba. Mimi niliishika kana nikisikiliza kwa mkono. Usukani wa zamani ulikuwa na mtetemo, kitu kinacheza kidogo chini, ambao miaka yote nilidhani ndio tabia ya mashua. Huu haukutetemeka. Nilivuta kidogo, mashua ikaitika papo hapo. Nikasukuma kidogo, ikarudi. Niligeuza kuukabili upepo, tukazunguka kwa mstari safi, na nikagundua kwamba nilikuwa nimeyabana meno tangu tulipotoka gatini.

Baada ya muda wifi alifumbua macho. Alitazama mkono wangu, akatazama povu jeupe tulilokuwa tunaliacha nyuma.

"Nipishe," alisema.

Nikamwonyesha mti mrefu ng'ambo, nikamwambia autazame huo tu. Mwanzoni alikuwa anavuta sana, na tulichora nyoka kwenye maji; mashua moja ya Waswidi ilitupita mbali kwa tahadhari. Kisha akapunguza nguvu. Mstari ukanyooka. Alikuwa ameketi wima kabisa, kama yuko mstari wa mbele kwenye kwaya, na upepo ulikuwa unampeperusha kitambaa cha kichwa bila yeye kujali.

Simu yake ikaita mfukoni mwa koti. Aliitoa kwa mkono wa pili, akaitazama, akaiweka sikioni huku macho yakiwa kwenye mti.

"Mama mchungaji, shikamoo," alisema. "Hapana, sipo nyumbani. Nimeshika usukani. Nitakupigia tukifunga mashua."